Sarafu za Tabora, 1916: feza iliyopigwa katika mji uliokuwa unazingirwa

Mwaka wa 1916, katika mji wa Tabora, katikati ya nchi ambayo leo ni Tanzania, karakana ya reli iligeuzwa kuwa kiwanda cha feza. Mafundi walikuwa na mashini za kutengenezea treni, maganda ya risasi na ya mizinga iliyokwisha kupigwa, shaba ya kuokota huku na huku, na zahabu ya mgodi mmoja. Kutoka hapo zilitoka sarafu, yaani feza za chuma, za namna tatu: heller 5, heller 20, na rupia 15 za zahabu zenye sura ya tembo.

Tarehe 19 mwezi wa tisa mwaka ule ule, mji ukaanguka. Walioingia ni askari wa Force publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, pamoja na wapagazi waliotolewa katika vijiji vya Kongo. Ndiyo maana sarafu hizi, hata kama zilipigwa mbali na Bukavu, Uvira au Kalemie, zinagusa historia ya majimbo ya mashariki.

Makala hii inaeleza feza ile ilitokea wapi, ilitengenezwa namna gani, na nani alibaki nayo mkononi wakati serikali iliyoipiga ilipokimbia.

Feza ya mji uliofungiwa ni nini?

Mji ukizingirwa na adui, chakula kinakosekana na dawa zinakosekana. Feza nayo inakosekana, na hiyo watu wengi hawaifikirii. Mwenye feza nzuri anaificha. Ya mpya haiingii sababu njia zimefungwa. Lakini askari wanataka mshahara, mwokaji wa mkate anataka kulipwa, na soko linataka feza ndogo ya kurudishia. Hapo wakubwa wa mji wanaanza kutengeneza feza kwa kila kitu kilicho karibu.

Ulaya ina mifano mingi. Mwaka wa 1574, mji wa Leiden, Uholanzi, ulizingirwa na jeshi la Uhispania. Wakaaji wakapiga sarafu za karatasi, kwa kugandamiza kurasa za vitabu vya kanisa mpaka zikakauka kama mbao. Mwaka wa 1646, mji wa Newark, Uingereza, uliokuwa upande wa mfalme Charles wa Kwanza, ulikata sahani za fedha za matajiri vipande vya pembe nne, ukavipiga muhuri na kuvifanya mshahara wa askari. Mwaka wa 1793, Wafaransa waliozingirwa ndani ya mji wa Mainz, Ujerumani, walipiga sarafu ndogo za shaba.

Sarafu hizi zote zina tabia moja. Thamani iliyoandikwa juu yake mara nyingi inapita thamani ya kitu kilichomo ndani. Kinachobaki ni ahadi: “Pokea hii leo, vita ikiisha, tutakupa feza ya kweli.” Kama aliyetoa ahadi anashinda, wenye sarafu wanapona. Kama anashindwa, hasara inabaki kwao.

Koloni iliyofungiwa pande zote

Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Ujerumani ilitawala nchi ambazo leo ni Tanzania bara, Rwanda na Burundi. Watu wengi waliwaita wale Wajerumani “Wadachi”. Feza yao ilikuwa rupia. Rupia moja ya fedha ilikuwa na uzito sawa na rupia ya India, kama gramu 11,7. Ndani yake mlikuwa na zaidi ya gramu 10 za fedha safi, na hivyo ilikuwa na thamani hata nje ya mipaka ya koloni. Tangu 1904 rupia moja iligawanywa katika heller 100.

Sarafu zote zilipigwa Ujerumani, katika viwanda vya Berlin na Hamburg, na kuletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam. Vita vilipoanza mwezi wa nane 1914, njia hiyo ikafungwa. Mwanzoni mwa 1915 meli za vita za Waingereza zikatangaza rasmi kufunga pwani yote. Meli mbili tu za Wadachi zilifaulu kupenya na silaha, moja mwaka 1915 na nyingine 1916. Meli yao kubwa ya vita, Königsberg, ilijificha katika mto Rufiji mpaka ikapigwa na kuzamishwa mwezi wa saba 1915. Mizinga yake iliopolewa, ikawekwa magurudumu na kutumiwa vitani nchi kavu.

Upande wa magharibi kulikuwa na Kongo. Vita viliingia huku mapema. Tarehe 22 mwezi wa nane 1914, meli ya Wadachi Hedwig von Wissmann ilipiga mizinga katika bandari ya Lukuga, pale ambapo leo ni Kalemie, na kuharibu meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune. Mwezi uliofuata Wadachi wakakamata kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, wakakaa nacho mpaka 1916.

Kwa muda Wadachi walikuwa mabwana wa ziwa Tanganyika. Mlango huo nao ukafungwa. Mwaka wa 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini kwa treni mpaka Fungurume, Katanga. Kutoka pale zilikokotwa porini mpaka Bukama, zikateremka mto Lualaba mpaka Kabalo, kiisha zikapanda treni ya Lukuga. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1915 zikakamata meli ya kwanza ya Wadachi, na mwezi wa pili 1916 zikazamisha Hedwig von Wissmann.

Bahari imefungwa, ziwa limefungwa, na kila mpaka una adui. Koloni nzima ilikuwa kama mji mmoja uliozingirwa. Serikali ya gavana Heinrich Schnee ikaacha pwani na kuingia ndani ya nchi, na Tabora ikawa makao yake.

Kwa nini Tabora

Tabora haikuwa mji mgeni kwa watu wa Kongo. Tangu karne ya 19 misafara ya pembe za tembo na ya watumwa iliyotoka Maniema ilivuka ziwa, ikafika Ujiji, ikapita Tabora na kuteremka mpaka Bagamoyo, pwani. Kwa barabara ile ile Kiswahili kiliingia Kasongo na Nyangwe. Wanyamwezi wa Tabora walijulikana kama wapagazi hodari wa safari ndefu.

Kwa Wadachi, Tabora ilikuwa na faida nyingine: reli. Njia ya treni kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka wa 1914, miezi michache mbele ya vita, na Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha katikati. Palikuwa na karakana, mafundi wa chuma na mashini zenye nguvu. Katika koloni isiyokuwa na kiwanda cha feza hata kimoja, karakana ya reli ndiyo iliyokaribia zaidi kazi hiyo.

Kwanza karatasi

Wadachi hawakuanza na sarafu. Tangu 1915 benki ya koloni, Deutsch-Ostafrikanische Bank, ilitoa noti za muda. Karatasi nzuri ya noti haikuwapo, kwa hiyo walichapa juu ya kila karatasi waliyoipata: nyembamba, nene, ya rangi hii au ile, hata ya kufungia mizigo. Noti zilitiwa sahihi na namba kwa mkono. Mwaka wa 1917, wakati jeshi lao lilipokuwa linahamahama porini, nyingine zilipigwa kwa mihuri ya mpira.

Watu hawakuzipenda. Karatasi inaloa mvua, inaliwa na mchwa, na inaungua nyumba ikiungua. Zaidi ya yote, mkulima aliyeuza mtama wake alijua kwamba rupia ya fedha ina uzito mkononi, na karatasi haina. Kwa hiyo mambo yakaenda sawa vile yanavyoenda kila mahali: wenye rupia za fedha wakazificha, wakalipa kwa karatasi. Fedha ikapotea sokoni, na pamoja nayo zikakosekana feza ndogo za kununulia chumvi, sabuni na tumbako.

Jambo hili halikuwa dogo. Wadachi walikuwa na askari Waafrika na wapagazi maelfu kwa maelfu. Askari akipokea mshahara ambao mama wa soko anaukataa, siku hiyo hana mshahara. Kongo yenyewe ilikuja kuona jambo kama hilo. Mwezi wa kwanza 1993, askari wa Zaïre walilipwa kwa noti mpya za milioni 5. Wafanyabiashara wa Kinshasa wakazikataa, na askari wakaingia mitaani kupora. Watu wengi walikufa. Wadachi wa 1916, wakiwa wamezungukwa na maadui, hawakuweza kujaribu bahati namna ile.

Heller za shaba

Ndiyo kazi ya kwanza ya karakana ya Tabora: feza ndogo yenye kuonekana kama feza. Shaba ya njano ilipatikana katika maganda ya risasi na ya mizinga. Vyuma viliyeyushwa, vikasukumwa kuwa bamba, bamba likakatwa vipande vya mviringo, na kila kipande kikagandamizwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu.

Zilipigwa sarafu za heller 5 kama 300.000, za shaba ya njano. Za heller 20 zilikuwa nyingi zaidi, zilipita milioni moja, nyingine za shaba ya njano na nyingine za shaba nyekundu. Heller 20 ilikuwa thamani mpya kabisa. Mbele ya vita haikuwapo. Ilifanywa juu ya haraka ya vita: vipande vitano tu vilitosha kuitwa rupia moja.

Upande mmoja wa sarafu kuna taji ya mfalme, herufi D.O.A. (kifupi cha jina la koloni kwa Kijerumani), mwaka 1916, na chini herufi T, alama ya Tabora. Upande wa pili kuna thamani ndani ya duara la majani.

Ukizitazama kwa makini utaona zinatofautiana. Kwenye nyingine taji ni kubwa, kwenye nyingine ni ndogo. Herufi L ya neno “Heller” mara ina ncha iliyopinda, mara ina ncha iliyochongoka. Sababu inaeleweka: mihuri ilichongwa kwa mkono, na ikichakaa ilichongwa mingine. Nyingi zilitoka bila kukamilika, upande mmoja umekolea na mwingine umefifia.

Lakini swali la thamani lilibaki. Rupia moja ya fedha ilikuwa na zaidi ya gramu 10 za fedha safi. Heller 20 mara tano, yaani rupia moja kwa jina, hazikuwa na fedha hata chembe. Zilikuwa maganda ya risasi yenye taji juu yake. Mtu aliyezipokea alipokea neno la serikali.

Rupia 15 za zahabu

Sarafu ya tatu ndiyo iliyoipa Tabora jina kati ya wakusanyaji wa sarafu wa dunia nzima. Zahabu yake ilitoka katika mgodi wa Sekenke, katika nchi ya Iramba, kaskazini-mashariki ya Tabora. Mbele ya vita zahabu ile ilikwenda Ulaya. Njia ilipofungwa, ikabaki ndani ya koloni, na Wadachi wakaamua kuifanya feza.

Juu yake kuna tembo anayetembea, mkonga umeinuliwa, mlima uko nyuma yake, na chini mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili kuna tai wa Ujerumani na maneno ya rupia 15. Kwa sarafu iliyotoka katika karakana ya treni, ni kazi nzuri ya kushangaza.

Hesabu inayotajwa ni vipande 16.198, vya namna mbili zinazotofautishwa kwa pambo dogo karibu na tai. Kila kipande kina uzito wa kama gramu 7,17. Zahabu yake ni ya karati 18, yaani sehemu tatu juu ya nne ni zahabu safi, na sehemu moja ni madini mengine. Ukifanya hesabu, kila kipande kina kama gramu 5,4 za zahabu safi, na vyote pamoja kama kilo 87.

Hapa kuna jambo ambalo wachimbaji na wanunuzi wa zahabu wa Kamituga, Misisi au Bunia wataelewa upesi. Kwa kiwango cha koloni, rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20 za Ujerumani. Sarafu ya mark 20 iliyopigwa Berlin ilikuwa na gramu 7,17 za zahabu safi. Sarafu ya Tabora ilikuwa na gramu 7,17 za uzito wote, zahabu na mchanganyiko pamoja. Kwenye mizani ya kawaida namba ilionekana ile ile, lakini robo ya zahabu haikuwamo. Kumbe hata ile feza ya zahabu ilikuwa na ahadi ndani yake. Sehemu tatu ilikuwa mali, sehemu moja ilikuwa neno.

Na vipande 16.198 vya rupia 15 vinafanya rupia kama 243.000. Kwa koloni yenye watu mamilioni, feza hiyo haikuweza kujaza masoko. Mpagazi hakulipwa tembo wa zahabu. Mtu wa kawaida alikutana na karatasi na shaba.

Safari ya Force publique mpaka Tabora

Mwezi wa nne 1916, Force publique ikaanza kushambulia chini ya jenerali Charles Tombeur. Kikosi cha kaskazini kiliongozwa na koloneli Molitor, kile cha kusini na Olsen, mtu wa Denmark aliyetumikia Kongo. Kigali ilikamatwa tarehe 6 mwezi wa tano, Usumbura (Bujumbura ya leo) tarehe 6 mwezi wa sita, na Kigoma tarehe 28 mwezi wa saba. Siku mbili mbele ya Kigoma kuanguka, Wadachi walizamisha wenyewe meli yao kubwa ya ziwa, Graf von Götzen. Waingereza waliiopoa baada ya vita, na tangu 1927 inaitwa Liemba, jina ambalo wakaaji wa pwani ya ziwa Tanganyika wanalijua sana.

Askari wa Kongo walikuwa kama 12.000. Nyuma yao kulikuwa na wapagazi. Hesabu inayotajwa mara nyingi kwa vita vyote ni kama 260.000. Walibeba risasi, mchele, unga na vipande vya mizinga, kupita milima ya Kivu na Rwanda, kiisha nyika kavu za Unyamwezi. Wengi walikufa, zaidi kwa ugonjwa, njaa na uchovu kuliko kwa risasi.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa Tabora ilikuwa inabanwa. Olsen alikuja kutoka magharibi akifuata reli ya Kigoma. Molitor alishuka kutoka kaskazini. Waingereza wa jenerali Crewe walikuja kutoka Mwanza. Na tarehe 4 mwezi huo Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuanguka mikononi mwa Waingereza: mwisho wa pili wa reli haukuwa tena wa Wadachi.

Mkubwa wa jeshi la Wadachi pale, jenerali Kurt Wahle, alijilinda kwa siku zaidi ya kumi. Mapigano makali yalikuwa Lulanguru, upande wa reli, na Itaga, kaskazini ya mji. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 mwezi wa tisa, Wahle aliondoa askari wake kwa siri kuelekea kusini-mashariki. Asubuhi Wabelgiji wakaingia Tabora. Kiwanda cha feza kikafa siku hiyo, bila kumaliza hata mwaka mmoja.

Ubelgiji uliukuza sana ushindi huo. Tombeur alipewa cheo cha baroni na jina “de Tabora”. Wapagazi hawakupewa jina.

Nani alibaki na hasara?

Serikali ikikimbia usiku, inachukua inachoweza kubeba. Zahabu inabebeka. Mzigo mzito wa ahadi unaachwa nyuma.

Mwenye rupia ya fedha aliyoifukia chini ya kitanda hakupoteza sana: fedha inabaki fedha, bendera yoyote ikipanda. Mwenye tembo wa zahabu alikuwa na gramu 5,4 ambazo sonara yeyote wa Kihindi angezipima na kuzinunua. Alipoteza robo, ile sehemu iliyokuwa neno tu.

Aliyekuwa na heller za shaba au noti za karatasi hakuwa na kimbilio. Feza ya namna hiyo inaishi kwa sababu moja: mwenye nchi anaipokea, kwanza kabisa kwa kodi. Siku mwenye nchi anabadilika, mtoza kodi mpya anadai feza yake. Waliokuwa nayo nyingi si matajiri. Ni mkulima aliyeuza mtama na ng'ombe kwa jeshi, ni mpagazi, ni mama aliyepikia askari. Walitoa vitu vya kweli, wakapokea maandishi.

Askari wa Wadachi nao waliionja. Katika miezi ya mwisho ya vita, mpaka Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn (leo Mbala, Zambia) mwezi wa kumi na moja 1918, hawakuwa wanalipwa tena. Ilipofika 1964, serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa wazee waliobaki. Karibu miaka 50 ilikuwa imepita, na wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Watu wa Kongo wanaijua hali hii bila kufundishwa. Mwezi wa kumi 1993, Zaïre ilipotoa feza mpya, kipande kimoja kikabadilishwa na milioni 3 za zamani, na wakaaji wa Kasai wakakataa. Wakaendelea na noti za zamani, zilizochakaa, sababu walikuwa na imani nazo kuliko mpya. Mpaka leo, katika maduka ya mashariki, dola iliyopasuka kidogo pembeni inarudishwa kwa mwenyewe, hata kama namba zake zote zinaonekana. Feza inapokelewa pale tu mpokeaji anapoamini kwamba mwingine nyuma yake ataipokea.

Neno lililobaki

Heller zilikwisha kazi zamani. Waingereza walileta shilingi katika Tanganyika mwaka wa 1921, na Rwanda na Burundi ziliingia katika faranga ya Wabelgiji. Lakini jina lake halikufa. Mtanzania wa leo akisema “sina hela”, anataja bila kujua ile heller ya Wadachi. Neno “pesa” nalo lilikuwa jina la sarafu: kabla ya 1904 rupia ya Wadachi iligawanywa katika pesa 64, jina lililotoka India. Kongo nayo ilifanya vilevile kwa “franga” na “makuta”: makuta ziliingia mwaka wa 1967, zikatoka, na mtoto aliyezaliwa juzi bado anaomba makuta.

Kwa mtu anayeiona leo

Sarafu za Tabora bado zinatokea, katika masanduku ya wazee au chini ya udongo. Askari na wapagazi walirudi na vitu vingi kutoka safari ile.

Ya shaba inajulikana kwa herufi D.O.A., taji, mwaka 1916 na herufi T chini. Zilipigwa nyingi, kwa hiyo zile za kawaida hazina bei kubwa. Anayesema kipande chake cha heller 20 kinaweza kununua kiwanja anajidanganya au anadanganya wengine.

Ya zahabu ni jambo lingine. Bei yake kwa wakusanyaji inapita mbali bei ya zahabu iliyomo, na ndiyo sababu za uongo zinatengenezwa. Mtu akiletewa tembo wa Tabora, aanze na mizani ndogo ya zahabu: kipande cha kweli kinakaribia gramu 7,2. Uzito peke yake hautoshi, lakini kipande cha gramu 5 au 10 si cha kweli.

Na mwenye kuipata, ya shaba au ya zahabu, asiisugue kwa mchanga wala kwa ndimu ili ing'ae. Wakusanyaji wanataka rangi ya uzee, na sarafu iliyosuguliwa inapoteza sehemu kubwa ya bei yake.